Ni Moto Tu na Kubana

Mwaka ule wa mgao mkubwa wa umeme, Krismasi ilipokaribia, hapakuwa na nyumba Kibosho iliyotaka kupitwa na vitambaa vya fundi Ndelilio. Vile vya kufuma kwa sindano, ambavyo akina mama walivilaza migongoni mwa makochi tangu enzi za bei nzuri ya kahawa, vilikunjwa na kutiwa sandukuni. Watoto walikuwa wanarudi kutoka Dar es Salaam na magari yao, na mama ambaye sebule yake haikuwa na foronya zenye nyota, kengele na kilele cha Kibo chenye theluji alionekana kama mtu aliyesahau kufagia uwanja.

Mektrida hakuwa mtu wa kukimbilia mitindo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipiga pasi nguo za altare pale parokiani, kwa pasi ya mkaa, bila kulipwa na bila kuunguza hata uzi mmoja. Waumini walisema ukiona kona ya kitambaa cha altare imesimama kama karatasi mpya, basi mkono wa Mama Sylvanus umepita hapo. Alipenda kusikia hivyo, ingawa kila Kwaresima aliungama kiburi.

Kilichompeleka kwa Ndelilio kilikuwa picha.

Sylvanus alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Alifia machimboni Mererani miaka miwili na nusu kabla ya hapo, akaletwa nyumbani katika sanduku ambalo walikatazwa kulifungua, wakamzika migombani kando ya baba yake. Siku ya tatu baada ya maziko alifika msichana aitwaye Violet, mtoto mchanga mgongoni, akasema mtoto ni wa marehemu. Wenseslaus, mdogo wa marehemu mume wa Mektrida, alimsimamisha palepale getini.

"Binti," alimwambia, "ukoo huu hauwezi kumfungulia mlango kila mwanamke wa Mererani aliyebeba mtoto. Nani alileta pombe ya posa kwenu? Mlifunga ndoa kanisa gani?"

Msichana akarudi alikotoka. Mektrida alikuwa ndani, amelala kifudifudi, na hakuambiwa lolote mpaka jioni.

Siku arobaini zilipopita, mchimbaji mwenzake Sylvanus alileta bahasha aliyokuwa amepewa kabla ya ajali, akaomba radhi kwa kuchelewa. Ndani yake mlikuwa na picha moja, ndogo kuliko kiganja. Sylvanus amekaa kwenye kiti cha plastiki, amempakata mtoto wa miezi mitatu, amecheka mpaka jino lake lililovunjika linaonekana. Violet amesimama nyuma, mkono begani kwake. Na nyuma ya picha, kwa mwandiko wake uliolala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, ameandika: *Mama, huyu ndiye Thadeus wetu. Krismasi tunakuja wote watatu.*

Thadeus lilikuwa jina la mume wa Mektrida. Kwa Wachagga mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake mzaa baba, na hakuna mwanamume mwenye akili timamu anayechukua jina la baba yake akampa mtoto wa mwingine. Mektrida alipomaliza kusoma alikaa chini sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja.

Ilimchukua mwaka mzima na zaidi kumpata Violet. Binti yake Theodora, aliyeolewa Dar es Salaam, ndiye aliyemtafuta kwa simu mpaka akamkuta Arusha akiuza chakula. Muda wote huo Mektrida hakumwonyesha mtu ile picha. Alikuwa na sababu. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, lenye kahawa, migomba na makaburi, humfuata mtoto wa kiume. Pasipo mtoto wa Sylvanus, siku Mektrida atakapofumba macho kihamba kingekwenda kwa Wenseslaus na wanawe. Kikao cha ukoo kilipangwa tarehe ishirini na saba Desemba, wakati kila mtu yuko nyumbani, na Mektrida alikuwa ameomba neno moja tu: mjukuu wake apokewe. Alitaka Wenseslaus aione picha siku hiyohiyo, mbele ya watu wote, asipate nafasi ya kutunga jibu.

Lakini picha ndogo kuliko kiganja, ipite mikononi mwa watu ishirini, nusu yao wameshakunywa mbege? Mmoja angeidondosha. Mwingine angesema miwani yake ameisahau. Ndipo siku moja alipoingia kwa jirani yake, Mama Kilian, akaona mgongoni mwa kochi kitambaa cheupe chenye sura ya marehemu Mzee Kilian, kubwa kama sinia. Kila aliyeingia alisimama akaitazama kabla ya kukaa, na wengine walivua kofia.

"Kwa yule Mmachame wa Kiboriloni," alisema Mama Kilian. "Unampa picha, anaihamishia kwenye kitambaa. Nimekifua mara tatu, hakichuji."

Duka la Ndelilio lilikuwa chumba kimoja pembeni mwa soko la Kiboriloni. Mlikuwa na kompyuta iliyofunikwa shuka, printa, na mashine yenyewe, bamba zito la chuma lenye mpini mrefu lililoshuka juu ya meza kama taya. Mwenyewe alikuwa mtu wa Machame, wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati. Siku Mektrida alipofika umeme ulikuwapo, na wanawake saba walikuwa wamejazana mlangoni wakishangaa.

Ndelilio alilaza foronya nyeupe mezani. Juu yake akalaza karatasi kifudifudi. Karatasi ile ilikuwa na mlima na kengele, lakini rangi zake zilikuwa zimefifia, kama kanga iliyosahaulika juani. Akavuta mpini. Bamba likashuka, likatoa moshi mwembamba wenye harufu ya nywele zilizobabuka. Akatazama saa yake ya mkononi. Akainua. Alipobandua karatasi, Kibo ilikuwa imelala juu ya foronya, nyeupe na bluu, kengele zinawaka nyekundu, na karatasi imebaki na kivuli tu.

"Yesu na Maria!" mwanamke mmoja akapiga kofi. "Imehama!"

"Huyu Mmachame ni mganga," akasema mwingine. "Fundi, unatumia dawa gani?"

"Dawa hakuna, mama zangu." Ndelilio alikunja karatasi upesi na kuitupa chini ya meza. "Ni moto tu na kubana."

"Moto tu?"

"Moto na kubana. Ukibana sawasawa, picha haina ujanja. Inahama."

Wakacheka. Na yeye akacheka. Hakusema habari ya wino. Miezi michache nyuma, kijana mmoja wa mtaa wa Soweto mjini alikuwa amekaa dukani mwake wiki nzima akijifanya mteja, akauliza kila kitu, kisha akafungua kazi kama yake. Tangu hapo Ndelilio alifunga mdomo.

Mektrida alingoja wenzake waondoke, ndipo akatoa picha kwenye kijitabu cha sala.

"Shikamoo, mama," alisema Ndelilio, akajifuta mikono kabla ya kuipokea. Aliitazama kwa utulivu, mbele, kisha nyuma. Akasoma maneno yale akitikisa midomo. "Huyu ni mwanao?"

"Ni mwanangu. Alishatangulia."

"Pole sana, mama. Na huyu mdogo ndiye Thadeus?"

"Ndiye."

Kumsikia mtu mwingine akilitaja jina lile kwa sauti kulimfanya Mektrida ashike ukingo wa meza. Ndelilio alisema kazi hiyo inawezekana, tena itapendeza, ila lazima iwe kwenye kitambaa cha poliesta, pamba haikubali. Akamuuzia kitambaa chenyewe, cheupe, laini. Akamwomba aiache picha. Lakini kabla neno halijaisha mdomoni umeme ukakatika, na soko zima likaguna kwa pamoja.

"Siwezi kuiacha, mwanangu," alisema Mektrida. "Ndiyo hii moja. Aliyeipiga alikuwa wa kutembeatembea, na hata jina lake hatulijui."

"Basi njoo nayo tarehe ishirini na mbili, Ijumaa. Nimeambiwa siku hiyo upande wetu tutakuwa na umeme kuanzia asubuhi."

Alifika Ijumaa saa mbili asubuhi. Umeme haukuwapo. Alikaa kwenye benchi la duka mpaka saa tisa, picha kifuani ndani ya kijitabu, kitambaa mapajani. Wateja waliingia kudai foronya zao na kutoka wakilaani. Katika benchi lilelile, kwa bahati mbaya, alikaa yule kijana wa Soweto, aliyekuja kuuliza kama kuna jenereta ya kuchangia.

"Kesho je?" Mektrida aliuliza.

"Mama yangu, umeme siushiki mimi. Kesho, keshokutwa, sijui."

"Wageni wangu wanafika Jumapili. Na kikao ni Jumatano." Akafikiri kidogo. "Hivi pasi ya mkaa haiwezi? Si ulisema ni moto tu?"

Ndelilio alimtupia jicho yule kijana. Kijana alikuwa ameacha kuchezea simu, na shingo yake ilikuwa imenyooka. Kulikuwa na jibu la kweli, nalo lilikuwa fupi tu. Ila lingekwenda Soweto jioni ileile.

"Pasi nayo ni moto, mama," alisema. "Tatizo ni kubana. Mkono wa mama kama wewe hauwezi kubana kama mashine."

Alidhani ameyamaliza. Hakujua anazungumza na mkono wa nani.

Mektrida aliyafikiri maneno hayo mpaka alipofika nyumbani, na usiku akalala nayo. Mkono wa mama kama wewe. Mkono uliolaza makunyanzi ya kanzu za mapadre watano, mmoja baada ya mwingine! Asubuhi ya Jumamosi alikoka mkaa, akachagua vipande vigumu visivyotoa cheche, akajaza pasi, akaipepea mpaka tumbo lake likawa jekundu. Alitandika blanketi juu ya meza, na juu yake shuka lililokunjwa mara nne. Akalaza kitambaa cha poliesta. Akaibusu picha, akailaza kifudifudi katikati, uso wa mwanawe ukitazama kitambaa, kama alivyomwona Ndelilio akifanya. Akaifunika kwa leso safi.

Kisha akaegemea pasi kwa uzito wake wote. Saa hakuwa nayo. Alisali Baba Yetu moja na Salamu Maria moja bila haraka, na aliposema amina akaongeza Salamu Maria ya pili, ili kazi ikamilike.

Harufu ndiyo iliyomwambia. Haikuwa harufu ya dukani. Ilikuwa ya ndoo ya plastiki iliyotupwa motoni.

Aliinua pasi, na leso ikainuka pamoja nayo, na kitambaa pamoja na leso. Vyote vilikuwa vimeshikana. Akaanza kubandua, vidole vikiungua, polepole, akisema, "Ngoja, baba, ngoja, ngoja." Kitambaa kilikuwa kimeyeyuka kikaacha tundu lenye umbo la pasi, kingo zake ngumu na za kahawia. Picha ilibanduka vipande vipande. Ngozi yake ya juu, ile yenye rangi, ilikuwa imetoka malengelenge na kujikunja, na alipogusa pale palipokuwa na kicheko cha Sylvanus, kicheko kikabaki kwenye kidole chake, uji mweusi na wa njano. Akaigeuza upesi atazame maandishi. Nyuma ya karatasi palikuwa pameungua rangi ya kahawa iliyokaangwa.

Alimwaga makaa uani, akayazima kwa maji, akasimama akitazama mvuke mpaka ulipokwisha. Kisha akaokota vipande vyote, hata vile vidogo kama kucha, akavifunga kwenye leso nyingine.

Mkesha wa Krismasi, kabla ya saa tatu asubuhi, alikuwa mlangoni kwa Ndelilio. Umeme ulikuwa umerudi na duka limejaa. Hakusalimu. Alifungua leso juu ya meza, kando ya mashine.

Ndelilio alitazama. Akawaambia wateja, "Tokeni nje kidogo. Nimesema tokeni, jamani." Akafunga mlango.

"Nilibana," alisema Mektrida. "Nilibana kwa nguvu zangu zote. Niambie nilikosea wapi."

Yule mwanamume alikaa chini. Ilibidi aseme, na alisema akitazama sakafu. Kwamba picha ya kawaida haihami, hata ukiibana kwa mlima wenyewe. Kwamba kwanza angeipiga chapa upya, kwa kompyuta, kwenye karatasi ya pekee, kwa wino wa pekee unaonunuliwa Nairobi, na ni wino ule tu ambao ukipata moto hugeuka mvuke na kuingia ndani ya uzi. Picha yenyewe angemrudishia nzima, haina hata alama.

"Wino," alisema Mektrida.

"Ndiyo, mama."

"Neno moja tu hilo. Wino. Lilikuwa zito kiasi gani, ukashindwa kulitoa?"

Nje walianza kugonga mlango.

"Sikuja kukulaani," alisema Mektrida. "Umeiona ile picha kwa macho yako. Uliyasoma maneno ya nyuma. Duniani tuliosoma ni mimi na wewe na yule aliyeileta, naye alikwenda Msumbiji kutafuta mawe, hatujui yu hai au amekufa. Jumatano utapanda Kibosho, uwaambie wazee ulichoona."

"Nitakuja, mama."

"Na watakuuliza picha iko wapi."

"Nitawaambia hata hilo."

Violet alifika mchana wa siku hiyohiyo, na mtoto, na begi moja. Mtoto alikuwa karibu miaka mitatu, mweusi, mwenye magoti makubwa, asiyeogopa mtu. Alifundishwa kuamkia, akaamkia kila kitu: bibi, ng'ombe zizini, hata makaburi. Mektrida alipomweleza Violet habari ya picha, msichana aliendelea kumenya ndizi.

"Mama, mimi sikuja kudai ardhi," alisema mwishowe. "Sylvanus ndiye aliyetaka mtoto ajue kwao. Mimi ningeweza kukaa Arusha."

"Najua."

"Lakini sasa ameshapaona." Kisu kiliteleza, akakaza mkono. "Ameniuliza mara mbili kama tutalala hapa siku zote."

Krismasi ilipita na mbuzi wake na nyimbo zake. Jumatano saa nne wazee wa ukoo walikaa kwenye mabenchi mbele ya nyumba ya Wenseslaus, wanaume kumi na wanane, na Mektrida kwenye kiti cha pembeni kwa kuwa ni mjane mwenye jambo. Theodora alisimama nyuma yake. Violet hakuruhusiwa, alibaki nyumbani na mtoto. Mzee Eliezeri, mkubwa wa ukoo, alipokea kibuyu cha mbege, akanywa kidogo, akampa wa pili, kisha akafungua kikao.

Mektrida alieleza yote bila kuficha, hata pasi. Alipofungua leso, vipande vilipita mkononi kwa mkono. Kimoja tu kilikuwa na kitu cha kuonekana: mguu wa kiti cha plastiki, pindo la suruali, na unyayo wa mtoto.

"Unyayo nauona," alisema Wenseslaus, akikirudisha kwa adabu. "Lakini unyayo hauna jina, shemeji."

Ndelilio aliitwa. Alikuja na koti, kalamu tatu mfukoni, akasimama katikati. Wanaume wawili watatu walichekeana.

"Siku hizi Mmachame ndiye anayeshuhudia mambo ya Kibosho!" mmoja akasema. "Mababu waliopigana na Wamachame wakisikia, watageuka huko waliko."

"Mwacheni aseme," alisema Mzee Eliezeri.

Akasema. Alitaja kiti, jino lililovunjika, mkono wa msichana begani. Alitamka maneno ya nyuma ya picha, neno kwa neno. Mzee mmoja kule mwisho alivua kofia. Kisha, kama alivyoahidi, akaeleza jinsi picha ilivyoungua, na kwamba kosa si la mama, ni lake, kwa sababu alimwambia ni moto tu na kubana, akijua si kweli.

Mektrida aliona mabega ya wazee yamelegea. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alivuta pumzi ikafika chini.

Wenseslaus alinyanyuka. Hakuwa mtu wa kupayuka, alikuwa katibu wa chama cha ushirika wakati kahawa ilipokuwa kahawa, na alijua kuuliza.

"Fundi, pole na safari. Nina maswali madogo tu. Siku ile dukani ulimwambia shemeji yangu uongo au ukweli?"

"Uongo."

"Ulikuwa unalinda nini?"

"Riziki yangu."

"Na leo, huyu mama akisema pale sokoni kwamba umesababisha aunguze picha ya mwanawe aliyekufa, pekee aliyokuwa nayo, nani ataleta tena picha ya marehemu wake kwako?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo hata leo una cha kulinda. Unampa anachotaka, naye ananyamaza." Akawageukia wazee, mikono wazi. "Mimi simtukani mgeni. Lakini maneno ya nyuma ya picha, hata shemeji angeweza kumfundisha wakiwa njiani. Huyu anakiri mwenyewe kwamba alidanganya ilipomfaa. Wazee wangu, kuna Ndelilio wa Ijumaa na kuna Ndelilio wa leo. Mnaniambia nimwamini yupi?"

"Baba mdogo, kuna kipimo cha damu!" Theodora alipaza sauti. "Dar es Salaam wanapima! Toa damu yako ipimwe na ya mtoto, tujue!"

"Damu yangu siitoi kwa ajili ya mtoto wa barabarani."

"Kwa sababu unajua!"

"Theodora, kaa," alisema Mzee Eliezeri. "Wewe umeolewa kwa watu."

Walijadiliana kwa Kichagga cha Kibosho, sauti chini, muda wa kukoboa debe la mahindi. Ndelilio alikuwa amesimama palepale, hakuna aliyemwambia akae wala aende. Mzee Eliezeri alipozungumza tena alizungumza Kiswahili, ili mgeni naye asikie.

"Mama Sylvanus, hatusemi umesema uongo. Tunasema hatuna cha kushika. Tukimpokea mtoto kwa maneno, kesho wataletwa kumi kwa maneno. Utakaa kwako mpaka mwisho wa uhai wako na hakuna atakayekugusa. Baada yako kihamba kitakuwa cha Wenseslaus. Na ili watoto wasije wakatoana macho siku hiyo, masale yapandwe sasa, yakate upande wa kahawa na makaburi uwe wake tangu leo. Wewe utabaki na nyumba na migomba ya mbele."

Masale ni ule mmea wa majani marefu tunaouotesha mpakani. Ukishashika, hakuna anayeung'oa.

Mektrida aliinuka. Alikusanya vipande vyake, akafunga leso. Alipompita Ndelilio, yule mwanamume alianza kusema jambo.

"Ulikuja," alimwambia. "Aika, asante. Nenda nyumbani sasa, mwanangu, usikawie."

Theodora alikuwa akilia kwa hasira, akisema habari za mahakama, za wakili anayemfahamu, za sheria mpya. Mektrida alimsikiliza njia nzima. Sheria ilikuwapo, alikubali. Lakini wakili naye angeuliza picha iko wapi.

Asubuhi ya Alhamisi ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Wana wa Wenseslaus, watatu, walifika mapema na majembe na mzigo wa masale. Walikuwa vijana wazuri, walimwamkia mama yao mkubwa kwa heshima, macho chini. Walianzia kwenye mfereji kule juu na kushuka, wakichimba shimo kila hatua mbili, katikati ya mibuni, kuelekea makaburini. Mektrida alisimama mlangoni na shuka begani. Nyuma yake, chumbani, Violet alikuwa akikunja nguo za mtoto.

Thadeus aliamka, akasikia majembe, akatoka mbio peku kabla mtu hajamshika. Alisimama karibu nao akitazama, mikono nyuma kama mtu mzima.

"Na mimi," alisema.

Vijana walicheka. Mkubwa wao, Gaudensi, alimpa kopo la maziwa ya unga, akamwonyesha ndoo. Mtoto alichota, akatembea kwa uangalifu, ulimi nje, maji yakimwagika magotini, akamimina kwenye shina la sale la kwanza. Akarudi kuchota. Akamimina kwenye la pili. Violet alikuja mlangoni na begi, akaona, akataka kumwita.

Mektrida alimshika mkono.

Mtoto alikuwa amefika shina la saba, lile lililopandwa kando ya kaburi la Sylvanus.

"Dogo anajua kazi kuliko sisi!" Gaudensi alisema akicheka. "Eti bwana mdogo, wewe ni mtoto wa nani?"

Mtoto aliweka kopo chini. Alisimama wima, kama alivyofundishwa kufanya akiulizwa na wakubwa.

"Mimi ni Thadeus wa Sylvanus," alisema kwa sauti. "Shikamoo."

Vijana wale waliacha kucheka. Wadogo wawili walimtazama kaka yao. Gaudensi alitazama kaburi, akamtazama mtoto. Kisha akashindilia udongo kwa kisigino kuzunguka shina la sale, akachukua jembe, akasogea hatua mbili mbele, akaanza shimo lingine.